Kamera si Kasumba

Wapo miongoni mwetu wanaodai kwamba kupiga picha kwa filamu, kwa ajili ya kujiburudisha na kujielimisha tu, ni anasa ya wageni. Kwao, kijana mwenye kamera kuukuu shingoni anaiga watalii. Wengine, wanaojiona wa kisasa zaidi, husema simu ya mkononi imekwisha kuimaliza kazi hiyo. Madai yote mawili hayana budi kupingwa, kwani yote yanatunyang'anya njia mojawapo ya kujitazama kwa macho yetu wenyewe.

Tuanze na dai la ugeni. Ni kweli kwamba kamera haikubuniwa kwetu. Lakini je, rangi za vikopo alizotumia Edward Saidi Tingatinga zilibuniwa kwetu? Fidla ya taarabu je? Na mashine iliyonasa sauti ya Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928? Chombo hakina taifa. Utaifa ni wa mkono unaokishika na wa jicho linaloamua. Wazee wa nchi hii walichora maisha yao katika miamba ya Kondoa karne nyingi kabla ya kamera kuwako. Kasumba si kushika kamera. Kasumba ni kuwaachia wengine waishike, kisha kuamini kwamba wanavyotuona ndivyo tulivyo.

Na hasara hiyo tumekwisha kuipata. Zama za ukoloni, kadi za posta ziliuzwa zikiwaonyesha watu wetu bila majina, kana kwamba ni vielelezo vya makumbusho. Hata usafishaji wa picha za rangi ulipimwa kwa miaka mingi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye sura ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Nyuso nyeusi zikatoka bila kina. Mwenye kujifunza filamu huujua udhaifu huu na kuushinda. Akimpiga picha bibi yake mbele ya ukuta wa chokaa, hupima mwanga wa uso, hapimi wa ukuta. La sivyo weupe wa ukuta utakidanganya kipimo, na uso wa bibi utazama gizani.

Wanaosema mchezo huu hauzai kitu na watazame Mali. Mwaka 1935 kijana Seydou Keïta, aliyekuwa akijifunza useremala, alipewa na ami yake kamera ndogo. Akaanza kuwapiga picha jamaa na majirani. Mwaka 1948 akafungua studio mjini Bamako. Leo anayetaka kuwajua watu wa Bamako wa zama hizo, jinsi walivyovaa na walivyojiheshimu, huziendea picha zake.

Ama kuhusu simu, hakuna haja ya kuibeza. Lakini simu hupiga picha elfu pasipo kufikiri, nayo ikiharibika au ikiibwa, mara nyingi huondoka na harusi na misiba ya ukoo mzima. Filamu ya picha 36 humlazimisha mtu kutazama kwanza. Tena ni darasa: lenzi ni fizikia, chumvi za madini ya fedha zinazogeuka kwa mwanga ni kemia. Dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe hutumika kwa kawaida katika nyuzijoto 20, na maji ya bomba ya pwani huzidi hapo. Basi mwanafunzi na ajifunze kuyapoza kwa mtungi na barafu, au kupunguza dakika kwa hesabu.

Hoja ya gharama ni nzito zaidi. Filamu huagizwa kutoka nje, na bei yake si ya mtoto wa mkulima. Lakini ujamaa wa kazi haujakatazwa: wanafunzi 12 wakichangia filamu moja, kila mmoja anapata picha tatu, na tatu zilizofikiriwa zatosha. Shule isiyo na kamera yaweza kutoboa kopo kwa sindano, kulipaka weusi ndani na kutia karatasi ya picha. Mwanga utafanya kazi yake.

Basi walimu na waanzishe vyama vya picha, na chumba kimoja kizibwe mianya kiwe cha giza. Wanafunzi nao waanze nyumbani: mama akisuka ukili, babu na redio yake, kisha watoke nje, kwa fundi wa jahazi na kwa wavuvi wanaokokota juya. Waombe ruhusa kwanza. Nyuma ya kila picha waandike jina la mtu, mahali na tarehe, na filamu waitunze pakavu isiote ukungu. Wale wa kadi za posta hawakuyauliza majina. Sisi tusipoyaandika, hatutakuwa na wa kumlaumu.