MWANGA WA KAZI HAUPIMWI KWA WATI PEKE YAKE

Wananchi wengi wanunuapo taa huuliza mambo mawili tu: ni ya wati ngapi, na bei yake ni nini? Maswali hayo hayatoshi. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa. Mwanga wenyewe hupimwa kwa lumeni, na taa isiyo na ubadhirifu ni ile itoayo lumeni nyingi kwa kila wati.

Globu ya zamani, yenye waya unaowaka ndani, hutoa lumeni 12 hivi kwa wati. Umeme wake mwingi hugeuka joto. Globu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 9 kwa siku 30. Taa ya LED ya wati 8, yenye mwanga kama huo, hula uniti 1.2 tu. Hapo hapana ubishi.

Lakini kuokoa umeme si yote. Zilikuwako taa za sodiamu zenye manjano matupu, zilizomulika barabara nyingi za Uingereza. Zilitoa zaidi ya lumeni 150 kwa wati. Hata hivyo, chini yake shati jekundu na la kijani hayakutambulikana kwa rangi. Barabarani jambo hilo lavumilika. Je, fundi umeme atatofautishaje nyaya? Mshonaji atachaguaje uzi? Muuguzi ataonaje kuwa macho ya mgonjwa yamegeuka manjano?

Uwezo wa taa kuonyesha rangi kwa ukweli una kipimo chake, kiitwacho Ra, ambacho ukomo wake ni 100. Globu ya zamani hukaribia 100. LED nyingi za kawaida hupata 80 hivi, na zilizo bora hupita 90. Wala mtu asidanganyike na weupe: taa yaweza kuwa nyeupe pe, nayo ikapotosha rangi.

Kwa hiyo twasema wazi: popote panaponunuliwa taa za mahali pa kazi, viongozi wa wafanyakazi wadai namba tatu zisomwe kwanza, yaani wati, lumeni na Ra. Zisipoandikwa kwenye kasha, muuzaji aulizwe. Kuokoa umeme ni wajibu wetu sote; lakini akiba inayolipwa kwa macho ya mfanyakazi si akiba, ni hasara.