JAMAA NA AFYA: Usiuze Shamba Juu ya Ahadi



Tufikiri juu ya kijana mumoja wa Kibumba. Alikwenda kuchimba koltani kule Rubaya, udongo ukamuangukia. Tangu siku ile miguu yake haisikii kitu. Sasa mujomba analeta habari: "Kuko waganga wa ng'ambo wanaotia seli katika mugongo, na mutu anasimama. Tuuze shamba la viazi." Wewe baba, wewe mama, utajibu nini?

Tuelewane kwanza. Ndani ya mifupa ya mugongo munapita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Inapeleka maagizo ya kichwa mpaka miguuni. Mufupa ukivunjika, unaunga. Kamba ile ikikatika, haiungi hivi hivi. Seli-shina ni seli zinazoweza kuzaa seli za namna nyingine. Mutu muzima anazo katika uboho wa mifupa na katika mafuta ya mwili. Zinatolewa kwa mugonjwa mwenyewe. Hapa hakuna mimba inayoguswa.

Habari ya mujomba si uongo wote. Mwisho wa mwaka 2018 Japani iliruhusu dawa ya namna hii, lakini kwa masharti, maana ilikuwa imejaribiwa kwa watu 13 tu. Tena ni kwa mutu aliyeumia karibuni, si wa miaka. Kule Marekani, Mayo Clinic ilijaribu watu 10. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba 7 walipata nafuu, ya kusikia ao ya nguvu. Nafuu, ndugu, si kusema wote walitembea.

Na hatari iko. Mwanamke mumoja wa Marekani aliwekewa mugongoni tishu ya pua yake kule Lisbon. Miaka 8 kisha, waganga walimutolea uvimbe wa sentimita 3 wenye ute kama wa pua. Habari hiyo ilitoka mwaka 2014.

Basi, muulize mujomba: ni majaribio ao ni biashara? Majaribio ya kweli kwa kawaida hayauzii mugonjwa dawa ambayo bado inapimwa.

Yenye kuokoa maisha leo ni haya. Mutu akianguka shimoni ao kwenye chukudu, musimubebe mugongoni. Mushike kichwa na shingo visicheze, mumulaze juu ya ubao, mumupeleke lopitali. Nyumbani, mumugeuze kila saa mbili, muangalie matako na visigino: vidonda vya kulala vinaua. Mukojo ukikwama ao ukinuka, musingoje. Kule Goma, kituo cha Shirika la Umoja kimesaidia walemavu miaka mingi.

Vijana, mwenzenu aliyelala hakupoteza akili. Mupitie kwake, mumutoe inje, mumuulize shauri. Na juu ya shamba, aulizwe yeye kwanza. Ni yeye atakayekula viazi vyake kesho.