Dampo la zamani lisikatwe viwanja, wala lisilimwe mchicha

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Isaka, kila dampo linapofungwa husikika sauti mbili. Moja inasema, "Tukate viwanja." Nyingine inasema, "Pale pana mbolea, tulime mboga." Nazipinga zote mbili.

Udongo ule mweusi unadanganya. Ndani yake mna betri, oili chafu ya magari na mabaki ya viuatilifu. Madini ya risasi na kadimi hayaozi. Mboga za majani huyavuta, na kuchemsha hakuyaondoi. Mteja wako sokoni hayaoni, lakini mtoto wake anayala. Anayejenga naye anakaa juu ya taka zinazoendelea kuoza: ardhi inatitia, ukuta unapasuka, na gesi ya methani ikijaa chumbani yaweza kulipuka.

Pawe bustani ya umma ya mimea ya asili. Mtasema bustani ni anasa ya watu wa mjini. Si kweli. Bamburi, Mombasa, palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu. Mwaka 1971 René Haller alianza kujaribu aina 26 za miti. 3 tu zilistahimili, ukiwemo mvinje. Jongoo wakasaga majani yake yakawa udongo. Leo watu hulipa kiingilio kupaona.

Nasi Shinyanga si wageni wa kazi hii. HASHI ilipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Ilipomalizika 2004 zilizidi hekta 300,000. Zilirudi kwa sababu wanavijiji walikubaliana mifugo isiingie, na atakayevunja atozwe faini.

Kazi yenyewe ni hii. Funika taka kwa udongo wa mfinyanzi, shindilia, kisha tandaza udongo mzuri juu. Chimba mifereji ya mvua pembeni. Katikati panda nyasi na vichaka. Migunga na mininga ikae kingoni, mizizi isitoboe kifuniko. Usichimbe kisima karibu, wala usilishe ng'ombe hapo.

Mfanyabiashara, hesabu na faida yako: madereva wanaosubiri mizigo bandari kavu wanatafuta kivuli, na penye kivuli huuzwa chai na miche.

Mkutano wa kijiji ujao, simama useme, na hoja yako iandikwe kwenye muhtasari. Kiwanja kikishauzwa, hakirudi.