Ni Nani Awasemeaye Wakulima?

Ndugu mkulima, ukiulizwa ni nani akusemeaye katika kaunti, bila shaka utamtaja mjumbe wa wadi yako. Jibu hilo ni la haki. Wadi ziko 1,450 katika kaunti 47, na kila moja ina mjumbe wake aliyepigiwa kura. Lakini makadirio ya fedha humfikia mjumbe huyo yakiwa yamekwisha andikwa. Mimi nataka kusema habari ya pale yanapoandikwa.

Mabaraza ya kwanza ya wenyeji yalianza mwaka 1925, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana D.C. mwenyewe. Mwaka 1950 yakageuzwa kuwa Halmashauri za Wilaya za Waafrika, kisha zikaja kaunti kaunsili, ambazo zilikwisha mwaka 2013. Wazee waliyanung'unikia sana mabaraza yale ya kwanza, na walikuwa na sababu, kwani mwenye neno la mwisho alijulikana. Hata hivyo waliokaa humo walikuwa watu wenye ng'ombe na mashamba.

Siku hizi kila kaunti yatakiwa kuwa na baraza la kushauri juu ya mipango na fedha, kwa kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Mwenyekiti ni Gavana. Pamoja na mawaziri wake hukaa raia wasio watumishi wa kaunti, idadi yao sawa na ya mawaziri, nao huchaguliwa katika majina yaliyoletwa na vyama. Sheria yataja vyama vya wataalamu, biashara, wafanyakazi, wanawake, walemavu, wazee na watu wa dini. Nimeisoma orodha hiyo mara mbili nikimtafuta mkulima. Hayumo.

Mtu atasema, mkulima aweza kuingia kama mwanamke au mzee. Ni kweli, na tena wanawake ndio washikao jembe zaidi. Lakini mama aliyependekezwa na chama cha mjini hana lazima ya kujua kwamba josho letu lina ufa. Naona njia iliyo wazi ni ya biashara. Chama cha ushirika cha maziwa au cha kahawa ni biashara, wala hakuna wa kukibishia. Basi, ni vyama vingapi vya ushirika vilivyopeleka jina? Muulizeni katibu wenu kwenye mkutano mkuu, mkisha kuuliza habari ya malipo.

Kuna na jambo la kalenda. Kwetu tuliitwa barazani mwezi wa Aprili, mvua imeshika, kila mtu yuko shambani. Tulifika watu saba. Josho halikutajwa, na soko likapata taa. Sina ugomvi na taa, lakini ng'ombe hawaogi mwangaza. Baadaye nikafahamu kwamba tulikuwa tumechelewa tangu zamani. Makadirio yatakiwa kufika mbele ya wajumbe kabla ya Aprili 30, karatasi ya mwelekeo wa fedha kabla ya Februari 28, na mpango wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1 iliyotangulia. Maana yake, josho lisiloingia katika mpango wa Septemba huanza safari likichechemea. Mwezi wa Agosti palizi ya mahindi imekwisha na mavuno hayajafika. Mkulima ana nafasi.

Tena, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataja baraza la kijiji, lenye wazee watatu hadi watano pamoja na msimamizi. Ulizeni kama la kwenu limeundwa, na kama limeundwa, kati ya wazee hao ni nani afugaye.

Josho letu li kavu hata leo. Katibu wa ushirika nami tumeandika barua moja, fundi ametupimia ufa na kutuandikia bei ya saruji, na tutaipeleka Agosti.