Afya Nyumbani: Kinundu cha Ukope wa Mtoto

Wazazi wapenzi, nanyi wanafunzi, leo twataka kusema juu ya jambo dogo lijulikanalo katika kila nyumba. Mtoto huamka asubuhi ukope umemvimba, una kinundu chekundu chenye kumwuma. Hicho ndicho chokea. Pengine kinundu hakiumi, nacho hukaa majuma mengi kama punje ya mtama chini ya ngozi.

Asili yake ni nini? Katika ukope kuna vijitezi vitoavyo mafuta ya kulainisha jicho. Kijitezi kikiziba, mafuta hujaa ndani. Vijidudu vya usaha vikiingia, huwa jipu.

Tena wako wadudu wadogo mno wa jamaa ya kupe, wenye miguu minane, wakaao katika mashina ya nywele za kope. Daktari Mjerumani Gustav Simon aliwaeleza mwaka 1842. Watatu wakipangwa mstari mmoja hufika kama milimita 1 tu. Watu wazima wengi wanao bila kudhurika. Watoto huwa nao wachache. Lakini wakizidi, kope huwasha, magamba huonekana kwenye mashina ya nywele, vijitezi huziba, na kinundu hurudi tena na tena.

Basi, tufanyeje? Maji ya Lualaba au ya kisima yachemshwe kwanza, kisha yaachwe hata yawe vuguvugu. Tuchovye kitambaa safi, tukikamue, tukiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa dakika 10, mara 3 au 4 kwa siku. Kila mtoto awe na kitambaa chake. Kinundu kisiminywe wala kutobolewa, maana usaha waweza kuenea ndani. Wala tusitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama au mkojo. Chokea kwa kawaida hupona chenyewe, bali jicho likiisha kuharibiwa na dawa kama hizo, pengine halioni tena.

Lakini si kila uvimbe ni chokea. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto. Ugonjwa huo huonekana katika nchi zenye malaria nyingi kama yetu, nao huweza kufika machoni. Hukua upesi sana. Lakini ukiwahiwa kwa dawa, watoto wengi hupona.

Kwa hiyo, uvimbe ukikua upesi, taya likivimba na meno kulegea, jicho likitokeza nje, homa ikipanda, au mboni iking'aa nyeupe, mtoto asingojeshwe. Akae Kasuku, Mikelenge, au ng'ambo ya mto Alunguli, apelekwe siku ile ile kwa muuguzi wa kituo cha afya, ili afikishwe hospitali.

Nanyi wanafunzi, someni maneno haya kwa sauti jioni, mama na bibi wapate kuyasikia.