Ruhusa Isiwe Funguo za Nyumba Nzima

Imekuwa jambo la kila siku kwa programu moja ya simu kumwomba mwananchi ruhusa ya kusoma habari zake zilizohifadhiwa kwingine. Mwenye nyumba ya wageni, kwa mfano, huombwa kalenda yake ili siku za wageni ziandikwe humo. Wengi wetu hukubali bila ya kusoma. Hapo ndipo tunapopenda kusema machache.

Zamani programu ya namna hiyo ilimtaka mtu atoe neno lake la siri. Huko kulikuwa sawa na kumkabidhi mfagiaji wa ukumbi funguo za vyumba vyote. Utaratibu uitwao OAuth, ambao toleo lake la pili lilichapishwa mwaka 2012, umeiondoa hatari hiyo. Mwenye habari hujitambulisha kwa yule tu anayemhifadhia; huulizwa kama anaridhia; na akiridhia, programu iliyoomba hupewa hati yenye mipaka, ambayo yaweza kufutwa. Neno la siri halitoki mikononi mwake.

Utaratibu ni mzuri, lakini haumlindi mtu aliyeombwa kupita kiasi naye akakubali. Mwaka 2018 ulimwengu ulizisikia habari za Cambridge Analytica. Watu wapatao 270,000 walikuwa wameiruhusu programu moja ya maswali katika Facebook. Nayo, kwa kanuni za wakati ule, ikachota hata habari za marafiki zao. Facebook yenyewe ilikisia kwamba huenda walioguswa walifikia milioni 87. Hapakuvunjwa kufuli, mlango ulifunguliwa kwa ruhusa. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilitozwa nchini Marekani faini ya dola bilioni 5 kwa kukiuka faragha za watumiaji wake.

Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata hivyo, sheria peke yake haitoshi. Tunawasihi wakuu wa idara zinazopeleka huduma zao katika simu wahakikishe kwamba kila programu inaomba kile tu inachokihitaji kwa kazi yake, na inaeleza hivyo kwa Kiswahili kinachofahamika. Asiyejua anachokikubali hakukubali.

Wananchi nao hawana budi kuipitia mara kwa mara orodha ya ruhusa walizozitoa na kuzifuta zisizo na kazi, wakikumbuka kwamba yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.