Risala ya Watumishi wa Maabara, Inyonga, Kuhusu Upimaji wa Mkojo

Ndugu mgeni rasmi,

Sisi ni watumishi wa maabara tunaohudumu hapa Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele. Hadubini umeshaoneshwa. Sasa tunaomba utazame choo, maana kipimo cha mkojo huanzia huko.

Choo cha wagonjwa kiko ng'ambo ya uwanja, hakina maji wala sabuni. Mama mjamzito aliyetoka Ilunde kwa bodaboda anaelekezwa ajisafishe, mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati. Atajisafisha kwa maji gani? Anarudi na mkojo uliochanganyika na ute wa ukeni, tena ndani ya chupa ya soda, kwa kuwa makopo yamekwisha. Stripu inaonesha protini. Ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba, au ni ute tu? Zikionekana na chembe za usaha, anaandikiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na antibayotiki. Tumeona kadi za watu walioandikiwa UTI mara nne kwa mwaka, mkojo wao haujaoteshwa kutafuta bakteria hata mara moja. Inatuuma sana, maana majibu yale yana sahihi zetu.

Lipo na suala la saa. Dirisha la kupokea sampuli hufungwa saa 4 asubuhi, wakati mayai ya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, hasa mgonjwa akitembeatembea kabla ya kukojoa. Mtoto anayekojoa damu tunampima mkojo wa saa 1 asubuhi, yai lenye mwiba nchani hatulioni, naye anarudishwa nyumbani.

Mkojo usiopimwa ndani ya saa 2 unatakiwa ukae kwenye jokofu. Wetu hupangwa dirishani, kwenye joto la Oktoba, bakteria wakizaliana na chembe zikivunjika.

Kwa hiyo tunadai choo chenye tangi la maji ubavuni mwa maabara, na makopo safi yenye mifuniko yaagizwe pamoja na stripu. Sampuli zipokelewe hadi saa 8 mchana. Jokofu la sampuli lipatikane, na mwenye UTI inayojirudia aoteshwe mkojo kabla ya kupewa dawa nyingine.

Mashine mpya inaweza kusubiri. Choo hakiwezi: tunaomba ujenzi uanze kabla ya mvua za Novemba.

Ni sisi,
Watumishi wa Maabara, Inyonga